BAHARI YETU NA SHERIA ZAKE: MADA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE

*TAARIFA YA KAMATI YA TAWI*


  

Hii ni mada iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Tawi kwenye mkutano wetu wa wanachama. Tunaituma nzima kwa sababu wengi wenu mko dago, na akina mama wengi walikuwa mnadani wakati mkutano unaendelea. Ni ndefu. Isome kidogo kidogo, na umsomee mwenzako asiye na simu. Mwishoni yapo mapendekezo sita ambayo tawi litayapigia kura kabla ya kuyapeleka kata.

*1. KWA NINI TUNAONGEA SHERIA*

Ndugu zetu, tawi hili limezoea kuongea bei ya mafuta ya mashine, ushuru wa diko na leseni. Leo tumeomba tuongee sheria, kwa sababu bahari yetu ya Tanga inaingia kwenye kipindi kipya.

Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 linatoka Hoima, Uganda, na kuishia hapa kwetu Chongoleani. Kilomita 1,147 za bomba hilo zimo ndani ya Tanzania. Kazi ya mwisho wa bomba ni kupakia mafuta kwenye meli kubwa, na njia ya meli hizo ni maji yale yale tunayotandaza jarife na kutega madema.

Hatusimami hapa kupinga bomba. Wapo vijana wa pwani waliopata kazi kwa ajili yake, na nchi inahitaji mapato. Tunachosema ni kwamba mgeni mkubwa akija, mwenye nyumba hutazama kwanza mlango wake. Mlango wetu ni sheria.

Mafuta ya Hoima yana nta nyingi. Ndiyo maana bomba linapashwa moto njia nzima, yasigande humo ndani. Mafuta ya aina hiyo yakipoa huganda. Hakuna anayehitaji kusomea chuo kujua maana ya mabonge ya mafuta kwenye mizizi ya mikoko, kwenye mwamba wa pweza na kwenye kamba za mwani. Tunaomba kwa Mungu siku hiyo isifike. Lakini ikifika, swali litakalotukuta ni hili: nani atalipa, atamlipa nani, na kwa ushahidi gani? Mada yote ya leo inazunguka swali hilo.

*2. SHERIA TULIZONAZO*

Nchi yetu haina upungufu wa sheria. Tunayo Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Tunayo Sheria ya Misitu ya 2002, ambayo ndiyo inayosimamia mikoko. Tunayo Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake za 2009. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Tunayo Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi wa Bahari Kuu ya 2020. Meli zina sheria zake, bandari zina sheria zake, mafuta na gesi vina sheria zake. Zanzibar nao wana sheria zao za uvuvi na za mazingira.

Tatizo liko kwenye mgawanyo. Mkoko ni wa misitu. Samaki anayezaliwa kwenye mizizi ya mkoko huo ni wa uvuvi. Tope alilolalia ni la mazingira. Akivuka boya akaingia eneo la hifadhi, ni wa hifadhi ya bahari. Akienda mbali zaidi, ni wa bahari kuu. Samaki mwenyewe hana habari na ofisi hizo zote.

Kwa mvuvi mdogo mgawanyo huu unamaanisha kukutana na kila ofisi. Asubuhi anaulizwa leseni, mchana anaulizwa nyavu, jioni anaulizwa kibali cha kuni za kuchomea samaki. Lakini uchafu unaoteremka na mto kuja baharini unaweza kupita ofisi zote bila kuulizwa. Bonde la mto lina bodi yake, taka zina halmashauri, kiwanda kina mkaguzi wake, na samaki waliokufa ni wa kwako wewe. Mto Msimbazi kule Dar es Salaam kila mtu anaujua unachokibeba hadi baharini, na haukufika hapo kwa kukosa sheria.

Tuchukue mfano mwingine ulio karibu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wote tunaijua kama sheria ya mita 60. Ni sheria nzuri, maana ufukwe ndio uzio wa kwanza wa bahari na ndipo kasa wanapotaga. Lakini tembeeni pwani ya nchi hii mtazame wenyewe. Banda la makuti la kuhifadhia mashine za boti likijengwa ndani ya mita hizo huvunjwa upesi. Ukuta wa zege unaweza kukaa miaka, kesi ikipigwa danadana. Sheria inayowatazama watu wawili kwa macho mawili hupoteza heshima kwa wote wawili, na bahari ndiyo inayoumia.

*3. SAMAKI WA MAGUFULI*

Wazee wetu hapa hawajasahau "samaki wa Magufuli". Vijana ambao mlikuwa wadogo, tuwakumbushe.

Machi 2009 meli ya kigeni iitwayo Tawariq 1 ilikamatwa katika ukanda wetu wa uchumi wa bahari ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Meli ya doria iliyoikamata ilikuwa ya Afrika Kusini, ikishirikiana na maofisa wetu. Marehemu John Magufuli wakati huo alikuwa Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi, na samaki wakagawiwa taasisi na wananchi. Nchi nzima ilifurahi.

Baada ya furaha ikaja mahakama. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliwatia hatiani nahodha na wakala wa meli. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikaufuta mwenendo mzima wa kesi, kwa kasoro za kisheria katika namna mashtaka yalivyofunguliwa na kuendeshwa. Samaki walikuwa wameshaliwa. Ushahidi ulionekana na nchi nzima kwenye televisheni. Kesi ikaanguka kwa utaratibu.

Somo la kesi ile ni kwamba hasira haitoshi na doria haitoshi. Kama sheria haijaeleza vizuri nani ana mamlaka ya kukamata, nani atoe kibali cha kushitaki, ushahidi utunzwe vipi na meli ifanywe nini wakati kesi inaendelea, mkosaji mwenye wakili mzuri ataondoka. Mvuvi wetu wa ngalawa hana wakili mzuri. Yeye hukiri siku ya kwanza, akalipa faini, akauza mashine.

Sheria mpya ya Bahari Kuu ya 2020 ilikuja miaka kumi na moja baada ya Tawariq. Inaonyesha kwamba sheria hubadilika watu wakishikilia jambo. Lakini hatuna miaka kumi na moja ya kusubiri suala la mafuta.

*4. MABOMU: PALE SHERIA ILIPOFANYA KAZI*

Tusiseme kila kitu kimeharibika. Watu wa Tanga tunajua mabomu. Kwa miongo mingi uvuvi wa baruti ulivunja matumbawe ya pwani hii, na jina la mkoa wetu lilikuwa juu kwenye orodha hiyo ya aibu. Sheria ya kuyakataza ilikuwepo muda wote. Mtu alikamatwa leo, kesho yuko diko.

Mabadiliko yalikuja kuanzia mwaka 2015, kilipoundwa kikosi kazi cha pamoja cha polisi, uvuvi, misitu, wanyamapori na mazingira. Walifuata baruti inakotoka, wakamfuata mwenye fedha, na hawakuishia kwa kijana anayerusha chupa. Ndani ya miaka michache milio ikapungua sana. Sasa hivi mtoto wa miaka saba hapa pwani anaweza kuwa hajawahi kusikia bomu la samaki, na baba yake alikuwa akiyahesabu kila asubuhi.

Halikadhalika mifuko ya plastiki. Tarehe 1 Juni 2019 marufuku ilianza Tanzania Bara, na Zanzibar walitangulia miaka mingi kabla. Kulikuwa na tarehe moja, amri moja na adhabu zilizotangazwa mapema: kwa mtumiaji, faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, na kwa kiwanda adhabu kubwa zaidi. Mifuko ile ya rambo ikatoweka sokoni. Chupa na vifungashio bado vinajaa kwenye mikoko yetu, kwa sababu huko sheria haijamgusa anayevitengeneza.

Kwa hiyo tunajua sheria hufanya kazi lini. Hufanya kazi ofisi zikikaa meza moja, ikimfuata mkubwa kabla ya mdogo, na ikieleweka na kila mtu siku ya kwanza.

*5. WAKASHIO: SOMO KUTOKA BAHARI HII HII*

Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Kijapani iliyosajiliwa Panama, MV Wakashio, ilipanda mwamba kwenye kisiwa cha Morisi. Haikuwa meli ya kubeba mafuta. Ilikuwa meli ya mizigo, tena tupu. Mafuta yaliyomwagika, kama tani 1,000, yalikuwa ya mashine zake yenyewe. Wananchi wa Morisi waliingia majini na mikono yao, wakashona maboya ya majani ya miwa kuzuia mafuta yasifike kwenye mikoko.

Wenzetu wakaanza kuuliza fidia, na hapo ndipo tulipo na la kujifunza. Upo Mfuko wa Kimataifa wa 1992 wa kulipa fidia ya uchafuzi wa mafuta. Tanzania ni mwanachama. Lakini mfuko huo unahusu mafuta ya meli za mafuta peke yake. Wakashio haikuwa ya aina hiyo, kwa hiyo mfuko haukuhusika. Uliobaki ni mkataba mwingine, unaohusu mafuta ya mashine za meli, na humo kuna kikomo cha malipo kinachotegemea nchi imeridhia toleo gani la mkataba wa ukomo wa dhima. Morisi ilikuwa kwenye toleo la zamani la 1976, Japani kwenye lile lililofanyiwa marekebisho 1996. Kwa toleo la zamani kikomo kilikuwa kama yeni bilioni 2. Kwa jipya, kama yeni bilioni 7.

Ndugu wanachama, tafakarini jambo hilo. Mafuta ni yale yale, mikoko ni ile ile, mvuvi ni yule yule. Tofauti ya yeni bilioni 5 ilitokana na saini. Mkataba unaoridhiwa au usioridhiwa Dodoma unaweza kuamua mama wa mwani hapa Tanga atalipwa msimu mmoja au mitatu. Na mkataba ulioridhiwa bila kutungiwa sheria ya ndani, hakimu hana pa kuushika.

Kuna la pili, zito zaidi kwetu. Hata mfuko unapohusika, unamlipa anayethibitisha hasara. Madai yana muda: miaka mitatu tangu hasara itokee, na kwa vyovyote si zaidi ya miaka sita tangu ajali. Mdai anatakiwa aonyeshe alikuwa akipata kiasi gani kabla ya ajali na amepoteza kiasi gani. Hoteli italeta vitabu vyake vya hesabu. Kampuni ya boti za watalii italeta risiti. Mvuvi wa mtumbwi ataleta nini? Mama anayekaanga samaki ataleta nini? Anayeokota chaza bamvua likitoka ataleta nini?

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. *Sheria zetu zinamjua mvuvi kama mtu wa kukaguliwa. Hazijamjua kama mtu wa kulipwa, wala kama mlinzi wa bahari.* Mpaka hilo libadilike, kila marekebisho mengine yatakuwa ya karatasi.

*6. MAJIRANI ZETU WA LAMU*

Inawezekana? Inawezekana. Wavuvi wa Lamu, Kenya, walikwenda mahakamani mwaka 2012 kuhusu ujenzi wa bandari mpya, wakisema uchimbaji wa kina cha bahari na ukataji wa mikoko unaharibu maeneo yao ya uvuvi na kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zimevunjwa, na ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76.

Walishinda kwa sababu Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na inamruhusu kuidai mahakamani. Na walishinda kwa sababu walijipanga kwa majina na kwa vikundi. Malipo yenyewe yalichukua miaka mingi zaidi, kwa hiyo tusidanganyane kwamba hukumu ni fedha mkononi. Lakini bila hukumu kusingekuwa na cha kusubiri.

Na sisi tuna pa kuanzia. Katiba yetu, ibara ya 27, inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili. Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Ni wavuvi wangapi wamewahi kuambiwa hivyo kwenye semina? Wengi wetu tumeambiwa adhabu tu.

*7. BAHARI MOJA, SHERIA MBILI*

Hapa tulipo, Pemba tunaiona taa zake usiku hewa ikiwa safi. Wenzetu wa Pemba wanakuja dago kwetu, na sisi tunakwenda kwao. Ndoa zimevuka, mikopo imevuka, nyavu zimevuka. Sheria hazijavuka.

Uvuvi wa ndani si jambo la Muungano. Bara ina sheria yake na Zanzibar yake, na bahari kuu ndiyo inayosimamiwa kwa pamoja na Mamlaka yenye makao Zanzibar. Matokeo yake mnayajua. Jongoo bahari kwa miaka mingi amezuiwa kuvunwa baharini upande wa Bara, wakati Zanzibar biashara yake iliruhusiwa kwa leseni. Aliyevunwa huku akivushwa usiku mmoja anakuwa halali. Nani atamtambua jongoo kwa lafudhi? Jongoo huyo ndiye anayesafisha mchanga wa bahari, na akiisha, sakafu ya bahari inachafuka pande zote mbili.

Hatusemi Zanzibar ifuate Bara wala Bara ifuate Zanzibar. Tunasema mkondo wa Pemba ni mmoja, na vipimo vya samaki, zana na misimu ya kufunga vinaweza kukubaliwa na pande zote mbili bila mtu kupoteza mamlaka yake.

*8. HOJA YA WENZETU*

Kwenye mkutano wapo waliosimama wakasema: "Mkiongeza sheria, tutakaokamatwa ni sisi." Wamesema kwa uchungu, na hatuwezi kuwapuuza. Wengine walikumbusha jinsi hifadhi ya bahari ya Tanga ilivyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia ilidhani ametoweka hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye kuanzia 2003 wavuvi wa pwani yetu walianza kumnasa kwenye majarife ya maji marefu. Walisema: "Silikanti amepata hifadhi. Sisi tumepata doria."

Jibu la Kamati ni hili. Hatuombi sheria nyingi zaidi. Tunaomba zilizopo zirekebishwe ili mzigo ukae mahali pake. Pia hatuombi zilegezwe. Juya la kukokota linaloburura nyasi bahari na makinda ya samaki halitatetewa na tawi hili, hata kama mwenye juya ni mwanachama mwenye kadi na analipa ada kila mwezi. Tukitetea juya leo, kesho hatutakuwa na uso wa kuidai meli ya mafuta.

Na tuna mfano wa kujivunia katika pwani hii. Vijiji kadhaa vya Bara na Zanzibar vimejaribu kufunga miamba ya pweza kwa miezi michache. Pweza hukua haraka sana, kwa hiyo mwamba ukipumzika kidogo, siku ya kufungua anatoka pweza mkubwa. Waliofunga ni wanakijiji wenyewe, na walinzi ni wao. Lakini mgeni akija kuvua usiku kwenye mwamba uliofungwa, kikundi cha BMU kinaomba, kinasihi, kinampigia simu ofisa aliye mbali. Kimepewa jina la usimamizi shirikishi na Sheria ya Uvuvi ya 2003, lakini boti, mafuta na kauli ya mwisho viko kwa wengine.

*9. MAPENDEKEZO SITA*

Kamati inapendekeza tawi liazimie yafuatayo, yapelekwe kata, wilaya, kwa Mbunge wetu, na kwenye Kamati ya Kudumu ya Bunge inayohusika pale miswada itakapofunguliwa kwa maoni ya wadau:

*Kwanza: mchafuzi alipe, na alipe upesi.* Sheria ilazimishe kila kampuni inayopakia au kusafirisha mafuta kwenye maji yetu kuweka dhamana itakayoanza kutoa malipo ya awali kwa jamii za pwani ndani ya wiki chache, wakati madai makubwa yanaendelea. Mvuvi hawezi kusubiri miaka mitatu akiwa na watoto wa shule.

*Pili: daftari la diko liwe ushahidi.* Takwimu za samaki zinazoandikwa na BMU na ofisa uvuvi zitambuliwe kisheria kama uthibitisho wa kipato. Daftari liwajumuishe akina mama wa kukaanga, wakulima wa mwani, waokota chaza na wachuuzi wa baiskeli.

*Tatu: mikataba iwekwe wazi.* Serikali itangaze kwa Kiswahili ni mikataba ipi ya uchafuzi wa meli imeridhiwa, ipi imetungiwa sheria ya ndani, na ipi bado. Vikomo vya fidia vifikishwe kwenye toleo la karibuni zaidi.

*Nne: BMU ipewe meno na chakula.* Sehemu ya faini na ushuru unaokusanywa diko ibaki kwa kikundi kwa ajili ya doria, kwa hesabu zinazobandikwa ubaoni. Kufunga mwamba kulikokubaliwa na kijiji kuwe na nguvu ya sheria dhidi ya mgeni.

*Tano: Bara na Zanzibar zikubaliane juu ya mkondo wa Pemba.* Vipimo, zana na misimu viwe vimoja.

*Sita: lugha na mita 60.* Mwaka 2021 Bunge lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Sheria ya Uvuvi ya 2003 ilitungwa kwa Kiingereza. Tunataka sheria zote za bahari, kanuni zake, na ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira za miradi ya pwani ziwepo kwa Kiswahili kwenye ofisi ya kila kijiji na mtaa wa pwani. Na mita 60 zipimwe kwa futi moja kwa wote, mwenye banda na mwenye hoteli.

*10. KAZI YA KILA MWANACHAMA*

Azimio bila kazi ni kelele. Kwa hiyo Kamati inaomba mambo matatu ambayo hayahitaji kusubiri Bunge.

Moja. Kila mwenye chombo aandike alichopata, kila siku ya kwenda baharini: tarehe, aina ya samaki, kilo, bei. Daftari la shule linatosha. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto. Mwanachama aliye dago aandike hata kwenye simu.

Mbili. Akina mama wa mwani, wa kukaanga na wa chaza wajiandikishe kwa kikundi kwa Katibu wa Tawi. Tunatengeneza orodha ya kila anayekula kutokana na bahari katika eneo letu. Orodha hii haina chama. Jirani wa chama kingine naye aandikwe, maana mafuta yakimwagika hayaulizi kadi.

Tatu. Mwenye maoni juu ya mapendekezo sita ayatume kwa sauti au kwa maandishi kwa Katibu kabla ya mkutano ujao. Unayepinga pia tuma. Tunataka kwenda kata tukiwa tumeshabishana humu ndani vya kutosha.

Ndugu wanachama, ukanda wa pwani wa Bara una urefu wa kilomita 1,424. Matawi kama letu yamejipanga kilomita zote hizo, kutoka Moa hadi Msimbati. Tukiandika sisi, wakaandika Pangani, wakaandika Bagamoyo, Mafia, Kilwa, Lindi na Mtwara, Bunge halitapokea barua ya wavuvi wanaolalamika. Litapokea hesabu.

Tunawatakia walio baharini kaskazi njema na marejeo salama.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi, kupitia Katibu Mwenezi.*
_Mfikishie mwanachama mwenzako. Ukituma mbele, tuma nzima, usikate._